Mhariri, kujiamini kwangu kuna msimu

Mhariri shikamoo, pole na kazi. Nawaandikia kutoka Magomeni hapa Mtwara mjini, nina miaka 33, sijaolewa na sina mtoto, na ile makala yenu ya kutwambia wanawake tulio singo tujiamini kwanza mengine yatakuja yenyewe nimeisoma mara mbili. Naomba niseme kwangu ilivyo.

Nina cheti cha uhasibu ila kazi ninayopata ni ukarani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba tunapima magunia asubuhi mpaka usiku, na hiyo miezi mitatu minne mimi ni mtu mwingine kabisa, wakulima wananiita dada karani, mzani nausoma kwa sauti, mtu akileta ubishi gunia linarudi tunapima upya watu wote wanaona. Kujiamini huko hajanifundisha mtu. Sasa korosho zikiisha na mkataba umeisha, mwezi wa pili unanikuta barazani kwa mama naomba hela ya vocha, na ile sauti sijui inaendaga wapi. Nikiitwa kwenye usaili mikono inatoka jasho mpaka kalamu inateleza, swali nalijua kabisa lakini jibu halitoki.

Kwenye mapenzi hivyohivyo. Nilikuwa na kaka mmoja dereva wa malori yanayoleta korosho kutoka Tandahimba, mstaarabu tu, msimuni tulielewana vizuri. Nilipokaa bila kazi nikaanza kuhesabu tiki za WhatsApp, akichelewa kujibu dakika kumi nishapiga simu mara sita, nauliza uko na nani, nalia. Alichoka akaondoka, wala simlaumu, maana nilikuwa namtegemea mpaka hela ya sabuni, kila akinyamaza naona kama chakula kimeondoka mezani.

Nimechezwa unyago kwa bibi Newala, kungwi wangu alinifunda adabu na namna ya kuishi na mume, namshukuru mpaka leo. Ila kukaa mbele ya watu watano wa usaili hakuna aliyenifunda, na kila nikienda kumtoa mwali mashangazi wananiuliza unaolewa lini, hajatokea hata mmoja akauliza mkataba wako unaisha lini.

Kwa hiyo mkituandika tena mhariri andikeni na hili, korosho zetu nyingi zinapanda meli zikiwa ghafi zinaenda kubanguliwa India na Vietnam, zingebanguliwa hapahapa mabinti wa Mtwara na Lindi tungekuwa na kazi hata mwezi wa nne. Mimi nikiwa na mshahara wa mwaka mzima hiyo makala yenu nitaielewa.

Alhamisi nina usaili mwingine. Gauni nimeshalipiga pasi, na jana nimemkalisha mama na wadogo zangu wawili pale ukumbini wananiuliza maswali, nawajibu nimesimama.

Msomaji wenu, Mtwara