Farasi na adui wasomeshwe kwa mizizi yao

Mhariri,

Wiki iliyopita, katika baraza moja hapa Kibokoni, nilimsikia mzee ninayemheshimu sana akiwaeleza vijana kwamba neno farasi limetokana na nchi ya Uajemi, ambayo Waarabu wa zamani waliiita Faris. Maelezo hayo yameenea, nami naomba nafasi niyasahihishe, kwa sababu yanaficha jambo lenye ladha kubwa zaidi.

Jina hilo la nchi latokana na Parsa, neno la Waajemi wenyewe, ambalo Waarabu walilitamka kwa f kwa kuwa lugha yao haina p. Farasi ana nasaba nyingine. Mzizi wake, yaani herufi za Kiarabu zinazobeba maana ya msingi ya neno, ni fe, re na sini, ambao Ibn Faris, mwanalugha aliyefariki mwaka 1004, aliueleza kuwa una maana ya kukanyaga na kuponda. Simba anapomvunja shingo swala, Kiarabu hutumia kitenzi cha mzizi huohuo, na windo lenyewe huitwa farisa. Ibn Faris aliandika kwamba yawezekana farasi aliitwa hivyo kwa jinsi anavyoipiga ardhi kwa miguu yake, na uangalifu huo wa kusema "yawezekana" ndio ninaotamani kuusikia barazani.

Mzizi wa neno adui, yaani ain, dali na wau, ni tajiri zaidi. Ndani yake mna kukimbia, kuvuka mpaka na kushambulia. Watoto wa vyuoni, yaani madrasa, hapa Mombasa huhifadhi mapema Suratul Adiyat, sura ya 100, inayoanza kwa kiapo cha farasi waendao mbio huku wakihema. Hao ndio adiyat, wenye kukimbia. Mnyama wa mwituni anayewarukia watu naye huitwa adi, kwa neno la mzizi huohuo, na humo ndimo tulimopata adui, adawa (uadui) na kutaadi (kuvuka mpaka wa haki). Kwa hiyo adui, kwa asili ya neno lake, si mtu wa chuki ya moyoni tu, bali ni yule anayekuvukia mpaka mbio kama mnyama mkali.

Hata hivyo, tusikimbilie kuunganisha kila kinachofanana. Ada inaonekana kuwa jirani ya adui, lakini mzizi wake ni ain, wau na dali, wenye maana ya kurudia, nayo idadi imetoka kwenye mzizi wa kuhesabu. Kwa kuwa Kiswahili hakiandiki ain, macho peke yake hayatoshi kutofautisha.

Kamusi zetu nyingi huridhika kutaja kwamba neno ni la Kiarabu, kisha zikanyamaza. Nawaomba watungaji wake waandike na herufi za mzizi, na walimu wa Kiswahili wazitaje darasani, kwani mtoto anayesoma Adiyat chuoni asubuhi ndiye huyohuyo anayeandika adui katika insha yake mchana, wala hajaambiwa na yeyote kwamba maneno hayo ni ndugu.

Msomaji wenu,
Mji wa Kale, Mombasa