Tuwaandikieje wateja msimu huu wa masika

Assalaam alaykum akina mama wa sabuni za mwani. Masika ndiyo haya, hoteli za Paje na Jambiani wageni wamepungua. Msiwanyamazie wateja. Lakini ile "Mambo, mnataka mzigo?" tuiache, jamani, mwaka jana nilimtumia meneja mmoja, hadi leo kimya.

Andika hivi: "Assalaam alaykum Bi Mkubwa. Zile sabuni 40 za mwani na karafuu ulizochukua mwezi wa pili zimebakia ngapi? Mpya zinakauka, zitakuwa tayari baada ya wiki 4." Idadi na siku, basi.

Na sauti za dakika 5 hapana, mtu yuko kazini! Kesho baada ya laasiri kila mmoja anioneshe ujumbe wake kabla hajautuma.