Mdogo wangu, Dracula uliyemwona siye niliyemsoma

Mdogo wangu,

Salamu kutoka Mbeya. Baridi imeshika kwelikweli mwezi huu. Ukungu unakaa juu ya Loleza mpaka saa nne asubuhi, na wateja wa stesheneri wanaingia wakipuliza vidole kabla ya kusema wanataka kuchapiwa nini. Watoto wazima, wanakusalimu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ulichoniambia kwenye simu nimekisikia kwa wengi. Ulisema umeangalia tamthilia ya Dracula, yule mnyonya damu, yote, sehemu tatu usiku mmoja, kwa hiyo kile kitabu changu cha Bram Stoker nimpe mtu mwingine, hadithi umeshaijua. Hapana. Umeijua hadithi nyingine, na nzuri, lakini ili waijenge walibomoa ukuta ninaoupenda kuliko kuta zote za ile nyumba ya kwanza.

Nianze na yale waliyoyapatia, maana yapo. Mark Gatiss na Steven Moffat, walioandika hiyo tamthilia ambayo BBC iliionyesha tarehe 1 hadi 3 Januari 2020, walikisoma kitabu kwa makini. Yule Sista Agatha uliyempenda, mtawa asiyeogopa kitu, kitabuni yumo, ila ana barua moja tu. Anaiandika kutoka hospitali ya Budapest kumjulisha Mina kwamba mchumba wake Jonathan, wakili aliyekwenda kwenye ngome ya Dracula, amelazwa, na baada ya hapo karibu tunamsahau. Kwenye televisheni mbegu hiyo moja imeota mti: Agatha ndiye Van Helsing mwenyewe, yule daktari ambaye kitabuni anaongoza kumwinda Dracula. Nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Na habari ya jua pia. Wengi wanaamini jua linamuua mnyonya damu, lakini Bram Stoker hakuandika hivyo mwaka 1897. Dracula wake anatembea Piccadilly, mtaa wa London, mchana kweupe, nguvu tu ndizo zinampungua. Jua la kuua lilikuja na filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Tamthilia inakuacha uamini hivyo mpaka dakika za mwisho, Dracula anaposimama kwenye mwanga na kugundua haungui. Hapo wamerudi kitabuni kwa njia ya kuzunguka, na ninawaheshimu kwa hilo.

Tatizo langu ni mdomo. Wamempa Dracula mdomo.

Yule wa mwigizaji Claes Bang anaongea tangu mwanzo hadi mwisho. Anatania, anabishana na Agatha, anaeleza ladha ya damu ya kila mtu kama mzee anayesifia pombe ya msibani. Kufikia sehemu ya tatu, iliyohamishiwa London ya leo, ana simu na wakili. Unamzoea. Mimi nilimzoea, na nilipogundua kwamba namsubiri aingie ili niburudike, nikajua kuna kitu kimeibwa.

Kitabuni tunakaa naye sura nne za mwanzo, kule kwenye ngome, kisha anapotea. Sura 27, na baada ya zile nne unamwona kwa vipande: mbwa mwitu katoroka bustani ya wanyama, popo dirishani, mtu mrefu amesimama Piccadilly akimkodolea macho msichana. Hadithi yote imeandikwa na watu wanaomwogopa. Jonathan ana shajara, Mina ana yake, rafiki yao Dakta Seward anarekodi sauti yake kwenye silinda za nta, nahodha wa meli anaacha kumbukumbu zake. Yeye Dracula, ukiacha barua fupi ya kumkaribisha Jonathan, hana ukurasa wake. Hatujui usiku anawaza nini.

Unamkumbuka bibi kule Tukuyu alivyokuwa akitusimulia habari za mumiani? Hakuwahi kusema ana pua ya namna gani. Alisema gari lilisimama barabarani, taa zimezimwa, na kulipokucha ndoo ya mtu ikakutwa kisimani imejaa maji. Basi. Anageuza gunzi motoni, ananyamaza. Wewe ulikuwa unalala katikati yangu na ukuta. Laiti mumiani angeingia jikoni, akavuta kigoda, akaanza kutuchekesha, tungelala usingizi mzuri sana usiku ule.

Kuna jingine linaloendana na hilo. Dracula wa kitabu anasoma. Jonathan anakuta ngomeni vitabu vya Kiingereza, ramani, ratiba za treni, na mwenyeji wake anamlazimisha akae mwezi mzima ili wazungumze, lafudhi imkae vizuri, asijulikane kuwa mgeni akifika London. Anajiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Hilo linanitisha mpaka leo, kwamba uovu unaweza kuwa na bidii. Wa televisheni anakunywa tu, lugha na elimu vinaingia pamoja na damu. Ni wazo kali, nakubali, lakini limemwondolea kazi.

Sasa kuhusu Mina. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, na ndipo wewe utanielewa kuliko wasomaji wengine wote.

Mina wa tamthilia analia, anaokolewa na Agatha, halafu anaondoka. Tunasikia baadaye kwamba alianzisha taasisi kwa jina la Jonathan, na yamekwisha. Mina wa kitabu, mdogo wangu, ni taipisti. Anajifunza hatimkato, yale maandishi ya kufupisha maneno kwa alama, na taipureta ili amsaidie mchumba wake kazini. Ile hatimkato ndiyo silaha ya kwanza katika kitabu kizima: Jonathan akiwa amefungwa ngomeni anamwandikia Mina barua kwa hatimkato, inamfikia Dracula mkononi, hawezi kuisoma. Inamkasirisha mpaka anaichoma kwenye taa. Jitu lililoishi karne nyingi, limeshindwa na alama za makarani! Nilipofika hapo nilimwona mama, pamoja na daftari lake la uhazili la Tabora lenye vile vijimkia ambavyo mimi na wewe tulidhani ni Kiarabu.

Halafu Mina anakusanya karatasi za kila mtu na kuzichapa kwa mpangilio wa tarehe. Anazisikiliza zile silinda za Dakta Seward, sauti ya mwanamume anayemlilia Lucy, rafiki ya Mina aliyekufa, na akimaliza anamwambia kwamba ameyaandika maneno yote ili asiwepo mtu mwingine wa kulazimika kuusikia moyo wake ukidunda vile. Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi sana. Juzi aliingia mama mmoja hapa Mwanjelwa kuchapisha barua ya kuomba msamaha wa ada ya mwanawe. Alikuwa anatamka sentensi, anasimama, anajifuta kwa kona ya kitenge, anaendelea. Nilichapa sentensi. Kusimama kwake kumebaki kwangu.

Na anachapa kwa kaboni, nakala tatu. Dracula anapoingia nyumbani mwa Dakta Seward usiku, anazikuta karatasi, anazitupa motoni pamoja na silinda. Kila kitu walichokijua juu yake kinaungua. Anadhani amemaliza. Nakala nyingine ilikuwa ndani ya sefu.

Wewe unajua kwa nini nililia. Mama alipofariki tulikwenda mara ngapi kufuatilia kile kiwanja cha Uyole? Jalada halionekani. Njooni Jumatatu. Afisa yupo likizo. Mwishowe tukaambiwa bila haya kwamba hakuna maandishi yoyote, huenda mama yetu hakuwahi kukinunua. Wewe ndiye uliyefungua lile sanduku la bati, ukatoa kanga mbili, ukatoa cheti chako cha ubatizo, na chini kabisa ule mkataba: herufi za kibluu zimefifia, herufi "a" imeziba wino kama ilivyokuwa ikiziba siku zote kwenye mashine yake. Ilikuwa nakala ya tatu. Muuzaji alipewa yake, ofisi ikapewa yake, na yetu aliitunza.

Kwa hiyo televisheni inaponiambia kwamba Dracula anashindwa kwa sababu mwanamke mmoja mwenye akili nyingi amegundua siri ya hofu yake, naelewa kwa nini wamefanya hivyo. Dakika tisini kila sehemu, watu wawili wazuri chumbani, maneno makali. Karatasi hazivutii kwenye kioo. Huwezi kuonyesha mtu anachapa kwa saa tatu. Lakini Stoker aliandika kwamba anashindwa kwa sababu watu kadhaa wa kawaida waliandika kila kitu, wakasomeana, na mmoja wao akawa na tabia ya kutunza nakala. Hata wanaume wa kitabuni wanapokosea, wanakosea hapohapo: wanamshukuru Mina kwa kazi yake, kisha wanamwambia akapumzike, mambo mengine ni ya wanaume. Ndani ya siku chache tu Dracula amempata kitandani mwake. Wanamrudisha mezani wakiwa wameinamisha vichwa, na ni Mina tena anayekaa na ramani na karatasi zake kuwaonyesha ni mto gani Dracula atapitia kurudi kwao.

Mengine nitakuachia uyakute mwenyewe. Utaona Lucy anatiliwa damu ya wanaume wanne, miaka minne kabla ya Karl Landsteiner kutangaza habari za makundi ya damu mwaka 1901. Utaona pia kile Kiingereza cha Van Helsing kilichopinda, kitakuchosha kidogo, kivumilie.

Kitabu nimekifunga kwenye bahasha ya kaki na kumpa kondakta wa basi la asubuhi, jina lako na namba ya simu vimeandikwa juu kwa kalamu ya rangi. Kafuate stendi mapema. Sura ya 17 nimeikunja pembe, ila usianzie hapo. Anza na Jonathan, tarehe 3 Mei, yuko safarini kwa treni, analalamika treni imechelewa. Ukifika pale Mina anapoketi kwenye mashine, nipigie. Hata ikiwa saa saba usiku, nitapokea.

Dada yako,
Mbeya