Mwanangu, iulize karatasi

Mwanangu mpendwa,

Unasema kila ukifungua daftari kuna sauti inayokwambia kwamba hujui kitu na wenzako wamekuacha mbali. Sitakujibu kwamba unajua. Wewe umeuuliza moyo wako, na moyo hausahihishi mitihani. Iulize karatasi.

Shaka hii ina chanzo chake. Mtu akisoma sura ileile mara ya tatu, maneno humteleza machoni bila kukwama popote, naye hudhani ameelewa, kumbe ameyazoea tu. Siku anayoulizwa swali akiwa hana kitabu, hakuna kinachotoka, na papo hapo anajihukumu kuwa hana akili. Akili anayo, ila hakuwahi kujizoeza kutoa alichoingiza. Mwaka 2006, watafiti Roediger na Karpicke walionyesha jambo hili vizuri. Wanafunzi waliorudiarudia kusoma kifungu walikumbuka zaidi walipoulizwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja walipitwa na wale waliosoma kisha wakajizoeza kukumbuka bila kutazama. Kinachochekesha ni kwamba waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wangekumbuka. Basi ukijiona unajua, usijiamini haraka. Na ukijiona hujui, vivyo hivyo.

Fanya hivi. Chagua mada ndogo. Usiseme "leo nasoma historia". Sema "leo nasoma sababu za vita hii moja". Soma kwa dakika 25, funga kila kitu, chukua karatasi tupu, kisha andika kwa dakika 15 yote unayoyakumbuka, hata kama yamepinda. Halafu fungua kitabu na ujaze yaliyokosekana kwa kalamu nyekundu. Wino huo mwekundu ndio kipimo cha usichokijua, na mara nyingi utakuta ni mistari sita au saba, si kitabu kizima kama ulivyokuwa ukiogopa usiku. Rudia mada hiyo kesho yake, kisha siku ya 3, ya 7 na ya 14, kila mara ukianza na karatasi tupu kabla ya kugusa kitabu.

Wengi hukosea hapa kwa kuchungulia. Dakika mbili zikipita kimya, mkono unakwenda kwenye kitabu. Vumilia. Ule ugumu wa kutafuta jibu kichwani ndio unaolifanya lishike. Na tafadhali, usipoteze jioni kunakili maelezo upya kwa kalamu za rangi tano. Ni pambo, na mikono inachoka bure.

Ukifika kwenye karatasi za mitihani iliyopita, ongeza jambo moja. Kabla hujasahihisha, weka herufi pembeni mwa kila jibu: U kama una uhakika, K kama umekisia, S kama hujui. Kisha sahihisha. Ikiwa K nyingi zimepata, shaka yako inakudanganya, na sasa unao ushahidi wa kuinyamazisha. Ikiwa kuna U zilizokosa, shughulikia hizo kwanza, kabla hata ya S, kwa sababu katika mtihani hutazirudia kuzikagua. Kila kosa liandikie sababu yake: sikujua, nilisahau, nilisoma swali vibaya, au muda uliniishia. Usiseme tu "nimefeli". Aliyesoma swali vibaya hahitaji kusoma zaidi. Anahitaji kupigia mstari vitenzi vya swali, "eleza", "linganisha", "thibitisha", kabla ya kushika jibu.

Muda nao huzaa hofu nyingi, na dawa yake ni hesabu. Mtihani wa saa 3 una dakika 180. Toa 10 za kusoma maswali na 10 za kukagua, zinabaki 160. Kama alama ni 100, kila alama ina dakika 1.6, kwa hiyo swali la alama 10 lina dakika 16. Dakika 16 zikiisha, acha nafasi, nenda mbele. Jizoeze hivyo nyumbani walau mara moja kwa wiki, saa ikiwa mezani na simu ikiwa chumba kingine, kwa kikao kimoja bila kuinuka. Matokeo ya mara ya kwanza huwa mabaya. Usiyasome kama utabiri.

Kuhusu wasiwasi wenyewe: hauondoki kwa kuambiwa "usiogope". Hofu inakalia sehemu ileile ya akili unayoitumia kushikilia tarakimu unapokokotoa, ndiyo maana hesabu rahisi inakupotea mikononi. Utafiti wa Ramirez na Beilock wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wanafunzi wenye wasiwasi mwingi walifanya vizuri zaidi walipoandika hofu zao kwa dakika 10 hivi kabla ya mtihani. Andika wazi, bila kupamba, kisha weka kando. Na mwili ukitetemeka, vuta pumzi kwa kuhesabu 4, itoe taratibu kwa kuhesabu 6, kwa dakika tatu.

Usikeshe. Usingizi ndio unaopanga ulichosoma mchana. Kahawa ya saa 11 jioni, kwa watu wengi, bado karibu nusu yake imo mwilini saa 4 usiku.

Wenzako wanaosema wamemaliza silabasi mara mbili, waache. "Kumaliza" kwao huenda ni kufunua kurasa tu. Ukitaka kuzungumza nao, ulizaneni maswali badala ya kuulizana mmefika wapi.

Siku yenyewe, ukikuta kichwa kimekuwa kitupu, weka kalamu chini, pumua mara tatu, kisha tafuta swali lolote unaloliweza, hata la mwisho. Jibu moja huvuta jingine. Ukirudi kwenye lile gumu, andika fomula, tarehe au neno lolote linalohusiana nalo, kwani penye alama za hatua, nusu ya jibu hupata kitu na ukurasa mtupu haupati chochote.

Jambo moja nakuomba usilifiche. Ukipitisha kama wiki mbili hulali, huli, au huoni tena raha katika lolote, niambie tutafute daktari pamoja. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje hata saa moja. Niamshe hata usiku wa manane.

Kesho anza na ile mada unayoikwepa. Karatasi moja, dakika 15. Jioni niletee nione wino mwekundu ni mistari mingapi.

Mama yako