Nukta mkato ya Kiingereza haipimwi kwa pumzi

Mhariri,

Wanafunzi wa Kiingereza bado wanafundishwa kwamba mkato ni pumziko fupi, nukta mkato ni pumziko la wastani, na nukta ni pumziko refu. Fundisho hili ni la kale. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, aliandika kwamba nukta mkato ni mara mbili ya mkato, nukta pacha (:) ni mara mbili ya nukta mkato, na nukta ni mara mbili ya nukta pacha. Kwa hesabu hiyo nukta moja ni sawa na mikato minane! Lowth mwenyewe alikiri kuwa kanuni zisizo na mwanya ni chache na kwamba mengi huachiwa busara ya mwandishi. Waliomfuata wakashika hesabu, angalizo wakaliacha.

Ubovu wa kipimo cha pumzi unaonekana katika sentensi kama hii: "The students who arrived after the gate was closed; were sent home." Ni kweli msomaji hutua baada ya "closed", kwa kuwa kiima ni kirefu. Lakini hapo haitakiwi nukta mkato, wala mkato, wala alama yoyote. Kiima hakitengwi na kitenzi chake hata msomaji akiishiwa pumzi.

Kipimo cha kufaa ni cha sarufi. Iondoe nukta mkato, weka nukta, kisha anza upande wa pili kwa herufi kubwa. Pande zote mbili zikisimama zenyewe kama sentensi kamili, alama ina haki ya kuwapo: "The rain stopped; the roads stayed wet." Upande mmoja ukining'inia, alama imekosewa. "Because the battery was dead; the car would not start" ni kosa, maana "Because the battery was dead" ni kishazi tegemezi. Panatosha mkato.

Lipo sharti la pili, la maana: sentensi hizo mbili ziwe na uhusiano ambao msomaji anauona bila kuelezwa. "The meeting starts at nine; my uncle has a beard" haina kosa la kisarufi, ila msomaji atabaki akitafuta ndevu zinahusianaje na mkutano.

Makosa mengi zaidi yanazaliwa na neno "however" na wenzake: "therefore", "moreover", "nevertheless", "otherwise". Waandishi huyachukulia kama "but", wakaandika: "The results were late, however, nobody complained." Hizo ni sentensi mbili zilizounganishwa kwa mkato mtupu, na mkato peke yake hauna nguvu hiyo. Isitoshe, msomaji hajui "however" ni ya upande gani. Iandikwe: "The results were late; however, nobody complained."

Kwa nini "but" iridhike na mkato na "however" isiridhike? Jaribu kulihamisha neno. Unaweza kusema "nobody, however, complained" au "nobody complained, however". Huwezi kusema "nobody, but, complained". Neno linalohama ni kielezi, hata kama maana yake inafanana na ya kiunganishi, na kielezi hakiunganishi sentensi. Kazi hiyo inafanywa na nukta mkato. Hata hivyo, isiwe mazoea kuibandika kila "however" inapojitokeza. Katika "The results, however, were late" tuna sentensi moja tu, kwa hiyo ni mikato miwili basi. Na katika "However hard they tried, the door stayed shut" neno hilo lina kazi nyingine kabisa, wala halifuatwi na mkato.

Matumizi mengine yako kwenye orodha ambayo vipengele vyake vina mikato ndani. Tazama: "The committee includes Anna, a nurse, Peter, a lawyer, and Ruth, an engineer." Ni watu watatu, au ni sita? Andika "Anna, a nurse; Peter, a lawyer; and Ruth, an engineer" na hesabu inakuwa wazi. Nukta mkato ya mwisho, iliyo kabla ya "and", nayo ibaki. Hapa kile kipimo cha sentensi mbili kamili hakitumiki, na ndipo mahali pa pekee ambapo alama hii inafanya kazi ya mkato mkubwa. Orodha ya maneno mepesi, kama "pens, paper and ink", haiihitaji.

Isichanganywe pia na nukta pacha. Nukta pacha inaonyesha kinachokuja, kwa hiyo ndiyo inayofungulia orodha. "We need three things; pens, paper and ink" ni kosa, kwa kuwa "pens, paper and ink" si sentensi.

Mambo ya uchapaji ni machache. Neno linalofuata huanza kwa herufi ndogo, isipokuwa jina mahsusi au "I". Haiachwi nafasi kabla ya alama, kinyume na desturi ya Kifaransa. Alama za kunukuu zikiwapo, nukta mkato hukaa nje yake, kwa Waingereza na Wamarekani vilevile, ingawa kwenye nukta na mkato hawaelewani.

Kuhusu kiasi, naomba nitofautiane na walimu wanaowapa wanafunzi alama za ziada kwa kuitumia. Hakuna sentensi mbili za kawaida zinazolazimika kuunganishwa kwa nukta mkato. Nukta itafaa daima. Aya yenye nukta mkato tatu au nne nje ya orodha inachosha. Zoezi lenye faida ni kumpa mwanafunzi aya ya namna hiyo, abakize moja tu, kisha aeleze kwa sauti kwa nini ameiacha hiyo na si nyingine.

Mwalimu wa Kiingereza