Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mafunzo ya Mifugo katika Somo la Sayansi

Ndugu wanachama, walimu wenzangu,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru mliofika. Chai imepikwa ya watu arobaini na humu ndani tupo kumi na tisa, kwa hiyo leo angalau chai haitatupungukia.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia kwa haraka. Kamati ilikaa mara nne. Somo la kichaa cha mbwa lilifundishwa katika shule sita tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ambayo sasa ni siku ya ugonjwa huo duniani. Watoto walifundishwa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha mbio zahanati kutafuta chanjo. Andalio la somo la sotoka (ugonjwa wa ng'ombe unaowashika na nyumbu), nililoliandika mwenyewe kwa siku tatu za likizo yangu, limesambazwa. Linaanza na ng'ombe waliokwisha miaka ya 1890, linapita Serengeti, ambako nyumbu walikuwa kama laki mbili na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na wakaja kuzidi milioni moja baada ya ng'ombe wa jirani kuchanjwa, na linaishia mwaka 2011, sotoka ilipotangazwa kutokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui. Nasikia kuna shule linakofundishwa jina langu likiwa limefutwa. Sina kinyongo.

Sasa nije kwenye suala la machinjio.

Ni kweli mkutano uliopita ulipitisha mafunzo ya siku moja ukumbini, na posho ya Sh 15,000 kwa kila mshiriki. Ni kweli pia kwamba niliyeyahamisha mafunzo hayo kutoka ukumbini kwenda machinjioni ni mimi. Katibu nilimjulisha siku mbili kabla. Hakujibu, nami nikahesabu kuwa ameridhia. Ukumbi ulikuwa Sh 200,000, na posho ya watu 24 waliojiandikisha Sh 360,000. Kwa fedha hiyo tungekaa kutwa kwenye viti vya plastiki tukitazama picha ya ini ukutani. Machinjioni ini lipo.

Waliokuwepo wanajua. Mkaguzi wa nyama alipasua ini la ng'ombe mbele yetu, kisu kikawa kinakwaruza kama kimegusa mchanga, kwa sababu mirija ya nyongo ilikuwa imekakamaa kwa minyoo bapa. Akaminya, minyoo ikatoka. Pale pale tukaufuata mzunguko wake wote: yai linatoka na kinyesi, linafika majini, kiluwiluwi anaingia ndani ya konokono, anatoka na kujishikiza kwenye majani, ng'ombe anakula. Mada hiyo huwa tunaimaliza kwa mchoro wa mishale ubaoni na hakuna mtoto anayeikumbuka wiki ya pili. Tukaona tumbo lenye vyumba vinne, na hapo walimu wawili waligundua kwamba "taulo" wanalonunua buchani miaka yote ndilo chumba cha kwanza. Mapafu tuliyajaza kwa pampu ya baiskeli, siyo kwa mdomo, maana kifua kikuu cha ng'ombe hakina mzaha. Pampu ilikuwa yangu.

Imesemwa kwamba mwalimu wa shule ya msingi hana haja ya kuona damu. Ndugu zangu, hapa ni Dodoma. Mtoto wa darasa la sita anayechunga kabla ya kengele anamjua kupe kuliko sisi tuliomsoma kwenye chati, na ndama mwenye ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, tezi zimevimba chini ya masikio, amekwisha kumshika kwa mkono wake. Mwaka 2007 Homa ya Bonde la Ufa iliupiga mkoa huu, na ugonjwa ule hupita kwa mbu na pia kwa kushika damu na nyama ya mnyama mgonjwa. Ndiyo maana nilinunua glavu, zile zilizoitwa "anasa" kwenye kundi la WhatsApp saa sita usiku.

Mwanachama aliyezimia machinjioni alizimia kwa njaa. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, naye hakuwa amekunywa hata uji. Kwamba aliyempa huduma ya kwanza ni daktari wa mifugo ni jambo la kushukuru, halikustahili utani ule. Upande wa nguruwe hatukuingia kwa kuheshimu imani za wenzetu. Kwa hilo sijasikia asante hata moja.

Kuhusu Coaster, basi dogo lililotupeleka: ndiyo, ni ya shemeji yangu. Alitutoza Sh 150,000. Aliyekuwa na gari la bei nafuu zaidi angelitaja siku ile, siyo leo.

Fedha. Tulianza na Sh 611,000, ada zikaingia Sh 420,000, jumla Sh 1,031,000. Matumizi: Coaster Sh 150,000, mkaguzi na daktari Sh 60,000, buti pea sita na glavu Sh 84,000, chai Sh 45,000, kunakili na karatasi Sh 112,000, jumla Sh 451,000. Salio Sh 580,000. Wenye kupiga hesabu wataona machinjio yametugharimu pungufu ya ukumbi na posho.

Ada nayo inasikitisha. Tupo 58, waliolipa Sh 20,000 zao ni 21. Tunadaiana Sh 740,000. Waliojiandikisha kwenda machinjioni ni 24, waliofika 17, waliobaki mpaka mwisho 11. Mkutano wa Machi uliahirishwa kwa kukosa akidi, na baadhi ya waliokosekana siku ile ndio waliodai kwamba "wanachama hawakushirikishwa".

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda na wadau wakijitokeza, kwenda Mpwapwa kujifunza kwa wataalamu wa mifugo, na kuandaa somo la chanjo ya kideri (ugonjwa wa kuku), ambayo mtoto anaweza kushuhudia ikitolewa kwa tone moja kwenye jicho la kuku. Tarehe zitatangazwa.

Mwisho, buti pea mbili hazijarudi, namba 7 na namba 9. Nani alizivaa tunajua. Zirudishwe kwa mhazini kabla ya Ijumaa, zikiwa zimeoshwa.

Mwenyekiti