Risala ya Klabu ya Falsafa na Midahalo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Falsafa Duniani, Chake Chake, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu wetu, wazee wetu na wanafunzi wenzetu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima, nawe Mheshimiwa tunakushukuru kwa kuitikia mwito wetu katika Alhamisi hii ya tatu ya Novemba, ambayo UNESCO imeitenga kuwa Siku ya Falsafa Duniani. Mwaka huu klabu imemsoma mwanamke mmoja tu, Philippa Foot, mwanafalsafa wa maadili wa Uingereza.

Alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1920 katika ukoo wa kitajiri. Babu yake mzaa mama, Grover Cleveland, alikuwa Rais wa Marekani mara mbili, na mama yake alizaliwa Ikulu ya huko mwaka 1893. Yeye mwenyewe alisomeshwa nyumbani na walimu wa kike wa kuajiriwa, tena kidogo. Hata hivyo aliingia Chuo cha Somerville, Oxford, mwaka 1939 na akatoka na daraja la kwanza mwaka 1942. Vita vilikuwa vimewachukua wanaume wengi, na darasani wanawake wakapata nafasi ya kusikilizwa. Wenzake wa wakati huo, Elizabeth Anscombe, Iris Murdoch na Mary Midgley, nao wakawa wanafalsafa wa kutajika. Foot alirudi Somerville kufundisha, akafika cheo cha makamu mkuu wa chuo, akajiuzulu mwaka 1969, kisha akasomesha Marekani, khasa Los Angeles, mpaka alipostaafu mwaka 1991. Alikuwa pia miongoni mwa waliojitolea katika Oxfam, shirika la kupambana na njaa na umaskini, tangu lilipokuwa changa. Alifariki tarehe 3 Oktoba 2010, siku aliyotimiza miaka 90.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwaka 1945 zilitoka picha za kambi ambamo Wanazi waliwaua watu kwa mamilioni. Falsafa iliyotawala Uingereza wakati ule ilikuwa ikisema kwamba kauli kama "hili ni ovu" haielezi jambo lolote la kweli, bali inatoa hisia au amri ya msemaji. Foot hakuweza kuikubali. Kama ni hivyo, basi baina ya muuaji wa kambini na anayemlaani pana hitilafu ya hisia tu, na hakuna aliyekosea. Kazi yake yote baadaye ilikuwa kuonesha kosa la fikra hiyo liko wapi.

Alianza na maneno. Katika makala ya mwaka 1958 alichukua neno linalolingana na letu la "ufidhuli". Kijana akimkatia mzee kauli mbele za watu kwa namna inayoudhi na kuonesha dharau, amefanya ufidhuli. Ukikubali kwamba ameudhi kwa kudharau, huna tena njia ya kusema, "Lakini kwangu mimi si ufidhuli." Jambo lenyewe limekwisha kukufunga. Akaongeza: mtu akidai kuwa ni wema kufumbata mikono mara tatu kila saa, hatumwelewi mpaka atuoneshe kuna faida au madhara gani kwa binadamu. Kwa hiyo wema haubandikwi popote apendapo mtu.

Sasa tuje kwenye mfano uliompa umaarufu, ambao unasimuliwa kila mahali na mara nyingi vibaya. Umo katika makala yake ya mwaka 1967 kuhusu utoaji mimba. Tramu, yaani gari la abiria la kupita relini mjini, imekatika breki. Dereva anaweza kuiongoza kwenye njia moja kati ya mbili: moja ina mafundi 5, nyingine ina fundi 1, na atakayekutwa njiani atakufa. Pemba hatuna reli, na ile ya Bububu kule Unguja iling'olewa zamani, kwa hiyo klabuni tunatumia gari iliyokatika breki mteremkoni.

Katika mdahalo wanafunzi hukosea hapa kwa njia tatu. Wa kwanza anatafuta pa kutokea: dereva apige honi, aruke, agonge mti. Huyo ameukimbia mfano. Wa pili anamtoa dereva na kumweka mpita njia kando ya swichi ya kuigeuza tramu. Mabadiliko hayo aliyafanya mwanafalsafa wa Kimarekani Judith Jarvis Thomson, na yanageuza suala zima, kwani dereva asipopinda anawaua watano kwa gari yake, lakini mpita njia asipogusa kitu hakumuua mtu. Thomson mwenyewe, mwaka 2008, alifikia kusema kuwa mpita njia hana ruhusa ya kugeuza tramu. Wa tatu ndiye mwenye kosa kubwa: anahesabu vichwa, anasema watano ni wengi kuliko mmoja, anakaa chini.

Foot aliuweka mfano ule ubavuni mwa mingine makusudi ili hesabu ya vichwa ishindwe. Hakimu amezungukwa na watu wenye ghasia wanaotishia kuua wengi asipopatikana mkosaji. Je, amhukumu mmoja asiye na hatia? Hapana, ingawa hesabu ni ile ile. Dawa ni chache: mgonjwa mmoja anahitaji yote, na wengine 5 wanahitaji moja ya tano kila mmoja. Hapo inafaa kuwapa watano. Mfano wa gesi ndio tunaouona mzito zaidi. Hospitali inaweza kuokoa wagonjwa 5 kwa kutengeneza gesi fulani, lakini moshi wake wa sumu utaingia chumba cha mgonjwa asiyeweza kuhamishwa. Hakuna anayekusudia kifo chake, na bado haijuzu. Kwa hiyo kutazama nia peke yake hakutoshi.

Jawabu lake ni kutenganisha wajibu wa kutodhuru na wajibu wa kusaidia, na ule wa kwanza ni mzito zaidi. Dereva yumo baina ya madhara na madhara, basi achague madogo. Hakimu na hospitali wanataka kudhuru ili wasaidie, na hilo limekatazwa. Kwa dawa, pande zote mbili ni msaada, basi idadi ina nguvu.

Jambo moja hatulifichi: Foot hakuwa mtu wa dini. Lakini kwa kushawishiwa na Anscombe, aliyekuwa Mkatoliki, alimsoma kwa makini Thomas Aquinas, mwanafalsafa wa Kikatoliki wa karne ya 13, ambaye naye aliwasoma Ibn Sina na Ibn Rushd. Tena hakuona haya kujisahihisha. Mwaka 1972 aliandika kwamba maadili hayampi kila mtu sababu ya kutenda, kisha akaikana kauli hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 2001 alisema uovu ni kasoro katika kiumbe, kama mti wenye mizizi dhaifu ulivyo na kasoro. Mkulima wa mkarafuu hahitaji kuulizwa anajuaje mti mbovu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumeanza kutafsiri makala ya mwaka 1967, na maneno mawili ya Kiingereza, "duty" na "virtue", yametushughulisha. Kwa la kwanza, "faradhi" tumeliacha kwa sababu linabeba hukumu ya sharia, tukachukua "wajibu". Kwa la pili, "fadhila" nalo kwa wengi ni hisani aliyotendewa mtu, kwa hiyo tunaandika "tabia njema".

Tunakuomba mambo mawili. La kwanza ni vipindi viwili vya dakika 40 kwa wiki katika ratiba, kwani mfano mmoja ukiharakishwa huishia kwenye kuhesabu vichwa. La pili ni rafu ya vitabu vya falsafa katika maktaba yetu, pamoja na msaada wa kupiga chapa tafsiri itakapokamilika, ili na skuli nyengine za Pemba ziipate.

Tunaomba kuwasilisha. Ahsante sana.